Nilivyomwonea Wivu Dada Kadzo

Kila Alhamisi ngazi za ghorofa yetu pale Ganjoni zilinukia iliki. Mama alikuwa akikaanga mahamri ya jumuiya, kikao cha waumini wa kanisa letu waliokutana nyumbani kwa mmoja wao, wakaimba, wakashuhudia na kuombeana. Nilikuwa na miaka tisa, na nilijua kwamba mahamri yaliyovimba vizuri hayakuwa yangu. Mama aliyachagua moja moja, akayafunga kwenye kitambaa yangali moto, akapanda nayo hadi ghorofa ya tatu kwa Dada Kadzo. Sisi wa nyumbani tuliachiwa yale yaliyopasuka na kunywa mafuta.

Dada Kadzo alitoka Kaloleni, naye aliuza vitambaa katika duka la Mhindi mmoja mjini. Mchumba wake alimwacha harusi ikiwa imekaribia, naye akaacha kanisa. Kwetu mtu wa namna hiyo aliitwa aliyerudi nyuma: jina lake lilisomwa jumuiyani, akapangiwa mtu wa kumtembelea na kumtia moyo mpaka asimame tena. Kadzo alipangiwa mama yangu. Basi jioni, kabla hata ya kukaa, mama alipanda juu, nami nikamfuata kimyakimya na kuketi ngazini. Mlango uliachwa wazi kwa sababu ya joto, kwa hiyo nilisikia yote. Alimsomea Zaburi polepole, kwa sauti ambayo mimi sikuwahi kusemeshwa nayo. Mimi niliambiwa tu nikaoge, nile, ninyamaze. Nilimchukia yule dada, nikayachukia hata machozi yake, maana ndiyo yaliyoninyang'anya mama.

Ndipo nikajiona nimepata akili. Alhamisi moja, wakati wa shuhuda, nilisimama katikati ya watu wazima, nikasalimu kama walivyosalimu wao. "Bwana Yesu asifiwe. Mimi Rehema nimerudi nyuma. Naomba nitembelewe." Watu walicheka, wengine wakaficha nyuso kwenye leso. Mama hakucheka; alinitazama kana kwamba nimemwaga uji mbele ya wageni. Lakini mzee wa kanisa aliyeongoza kikao hakuwa mtu wa kupuuza utaratibu. Aliliandika jina langu daftarini, akatazama huku na huku, nami nikangoja amtaje mama.

"Mzazi hamtembelei mwanawe," alisema. "Haya, Kadzo. Wewe ndiwe jirani."

Mama alikuwa amemleta Kadzo siku hiyo kwa mara ya kwanza, karibu kwa kumvuta mkono, naye aliketi mlangoni tayari kukimbia. "Mimi, mzee? Mimi mwenyewe nimeanguka."

"Basi njia waijua."

Kesho yake alikuja, akaketi kitandani pangu na Biblia mapajani, asijue pa kuanzia. Alisoma mistari miwili, akaangua kilio. Kwa kuwa sikujua la kufanya, nilimpapasa mgongo na kumwambia maneno ya mama niliyoyaiba ngazini: Bwana hajakuacha, Dada. Alikuja tena, na tena. Baada ya wiki kadhaa alikuwa akiniimbia, na mama alisimama mlangoni akitabasamu. Alikuwa akimtazama Kadzo.

Leo Kadzo ndiye kiongozi wa jumuiya ile, na nusu ya watu wa majengo yale wameinuliwa naye. Mimi naishi Nairobi, na kanisani naingia kukiwa na harusi au mazishi, jambo ambalo mama hajui. Mwezi uliopita aliugua mguu, nikarudi Ganjoni kumuuguza. Nilifungua Zaburi ili nimsomee. Nilipofika mstari wa tatu alinigusa mkono kwa upole, akasema, "Pumzika, mama, umetoka mbali. Kadzo atamalizia."

Niliona wivu, mwanamke mzima kama mimi, wivu wa kutaka kulia. Safari hii, hata hivyo, sikumwonea Kadzo wivu kwa sababu ya mama peke yake. Alipoingia akaanza kusoma, nilisikia kwamba anayaamini maneno yale, na mimi nilikuwa nayasoma tu. Nilikaa jikoni mpaka alipoaga, nikamsindikiza hadi kwenye ngazi.

"Dada Kadzo," nilimwambia, "kesho ukija, usiingie kwa mama kwanza. Anza na mimi."