Jicho la Bujiku na Kijana wa Namba Arobaini na Tatu

Kwa miaka thelathini na moja Bujiku alifanya kazi isiyo na ofisi wala mhuri: kumtazama ng'ombe asiyemjua na kusema ng'ombe huyo atakuwa nani. Wanunuzi wa mnadani Bariadi walimwita kabla hawajamwita mtu mwingine. Alikuwa anamzunguka mnyama mara mbili, anampapasa ubavu, anatazama kwato, kisha anatamka neno moja tu, "chukua" au "mwache", na mtu anachukua au anaacha. Wengine waliapa kwamba ana dawa. Hakuwa na dawa yoyote. Alikuwa na jicho, na jicho hilo alilionea fahari kuliko nyumba yake ya bati.

Sasa, jicho likikosea kimyakimya hakuna neno. Likikosea mbele ya Mabula, umekwisha. Mabula ni mnunuzi mkubwa wa ng'ombe, mtu wa kifua na sauti inayozidi kifua, na mwaka jana Bujiku alimhakikishia kwamba mtamba mmoja mwekundu ana mimba. Mabula akamchukua, akangoja, akangoja tena, mtamba ananenepa tu na kumtazama. Mimba haikuwapo. Mabula hakulalamika wala kudai chochote. Alifanya jambo baya zaidi. Kila siku ya mnada alisimama katikati ya watu na kuuliza, "Jamani, yule mwekundu wa Bujiku amejifungua?" Watu wakacheka, na Bujiku naye akacheka, maana angefanyaje. Lakini mnada uliofuata hakuitwa na mtu, wala uliofuata huo. Mzee wa miaka sitini na nne akabaki kuzunguka uwanjani mikono nyuma kama mkaguzi aliyesahauliwa kupewa barua. Iliuma, tena iliuma hasa.

Katika hali hiyo ndipo alipotumbukia kwenye mpira wa kompyuta.

Domitila, binti wa mdogo wake, ana steshenari karibu na soko. Anapiga chapa, anatoa kopi, analamineti vyeti. Jumamosi mchana wateja wakipungua, anageuza duka kuwa makao makuu ya Ligi ya Steshenari. Ligi hiyo haipo popote duniani isipokuwa ndani ya kompyuta yake. Ina timu nane, na wachezaji wake hawakuzaliwa na mama yeyote: kompyuta inawatunga, inawapa umri, kasi, nguvu na mguu wanaoupenda, halafu Domitila anawapa majina ya ndugu, ya watani na ya wateja waliomuudhi. Makocha ndio wa kweli, wenye damu na presha. Mechi ikianza, vidoti ishirini na viwili vinakimbizana kwenye skrini, na Domitila anatangaza kama aliyekabidhiwa redio ya taifa.

Bujiku alikwenda pale kutoa kopi ya kitambulisho. Akamkuta Mabula yuleyule amesimama juu ya stuli, anakikaripia kidoti chekundu kwa kukosa penalti.

"Mwadela, baba mkubwa," Domitila akamwamkia, mkono mmoja kwenye kibodi. "Kaa hapo. Wewe si mzaliwa wa Ipililo? Tuna timu ya Ipililo haina kocha. Mwalimu aliyekuwa nayo amehamishwa, na ameiacha mkiani."

"Mpe," Mabula alisema bila kugeuka. "Atatuambia nani ana mimba."

Bujiku hakuwa ameutazama mpira hata wa kweli kwa miaka kumi. Lakini alivuta kiti, akaketi, akauliza timu inaitwaje. Ipililo Maksai, akajibiwa. Alitaka jambo moja tu, na hakulificha hata kwa mkewe Esteria alipofika nyumbani: alitaka jicho lake liaminiwe tena, na liaminiwe mbele ya Mabula.

Kila msimu huanza kwa siku ya kuchagua vijana. Wenyewe wanaiita mnada, ingawa hakuna anayelipa hata senti. Kompyuta inaleta vijana arobaini na wanane, ikiwapanga kuanzia bora hadi hafifu, na timu iliyoshika mkia inachagua kwanza. Kwa hiyo zamu ya kwanza ilikuwa ya Bujiku, na kila mtu alijua atamchukua nani. Namba moja alikuwa mshambuliaji aitwaye Mayala, kasi tisini na mbili, mashuti ya kutoboa zizi. Mtoto wa chekechea angemchagua Mayala.

Bujiku alikuwa amezichukua karatasi zenye orodha yao wiki nzima kabla. Alizisoma na miwani, akarudi dukani na maswali.

"Huyu Mayala mama yake ni nani?"

"Hana mama, baba mkubwa. Ni kompyuta."

"Basi amekulia wapi?"

Hilo lilikuwa na jibu. Kila kijana amecheza misimu mitatu katika ligi ya watoto ya kompyuta ileile, na kumbukumbu zipo. Domitila akazichapa zote. Kurasa sitini, wino ukaisha.

Siku ilipofika duka lilijaa. Domitila akamtazama baba yake mkubwa, vidole tayari juu ya herufi ya M.

"Namba arobaini na tatu," Bujiku alisema. "Ndalahwa."

Mabula alicheka mpaka akajishikilia kwenye mashine ya kopi, nayo ikatoa picha ya kiganja chake. Scola, muuguzi mpole anayeifundisha Nassa Furu, aliuliza kwa upole wake kama mzee amekula. Domitila hakuandika. "Baba mkubwa, huyu kasi yake ni arobaini na nane. Hata mimi namkimbia."

"Andika, mayu. Timu yake imeshika mkia misimu mitatu, wenzake wote wamepungua, yeye kila mwaka ameongezeka kidogo. Na hajaugua hata siku moja. Huyo wenu wa namba moja amekua kwenye timu ya ubingwa, majani mpaka magotini. Nani asingenenepa? Huyu amenenepa kiangazi. Ng'ombe anayenenepa kiangazi, mvua ikinyesha utamtafutia kamba nene."

Basi Mabula akampata Mayala, akaibusu karatasi yenye jina lake.

Mechi ya kwanza ya Ndalahwa ingemfanya mwenye moyo mwepesi afunge zizi. Aliingia dakika ya sabini, akapewa mpira, akampasia adui, likawa goli. "Ndalahwa amejifungua," Mabula akatangaza. Lakini baada ya hapo mambo yakaanza kunoga. Kasi ikapanda hamsini na tano, ikapanda sitini. Kisha ikaja mechi ambayo mpaka leo Bariadi wanaiita mechi ya Tanesco. Ipililo Maksai walikuwa wamefungwa matatu bila na Binza Radi ya Mabula, dakika ya themanini, umeme ukakatika. Uliporudi, kompyuta ilikuwa imehifadhi kipindi cha kwanza tu, bila kwa bila. Wakaanzia hapo, na Ndalahwa akafunga mawili. Mabula alitaka matokeo ya kwanza yahesabiwe, kwa kuwa watu kumi na wawili waliyaona kwa macho yao.

"Mvua ya ndotoni haijazi lambo," Bujiku alimjibu, na wote kumi na wawili wakakubaliana naye. Mzee aliondoka siku hiyo anatembea kama mtu aliyeongezewa urefu.

Ipililo wakafika nafasi ya tatu, na ndipo balaa likaingia. Ndani ya majuma matatu wachezaji watano waliumia, mmoja goti, mwingine nyonga, wengine kompyuta haikusema hata wameumia wapi. Kocha yeyote mwingine angewashikilia wazima wake kwa meno. Bujiku akahesabu majeruhi kwa vidole, akamgeukia Scola.

"Nataka nikukabidhi Ndalahwa. Kaa naye huko Nassa mpaka msimu uishe."

Domitila alivua hata miwani. "Baba mkubwa, una pengo la watu watano, na unamtoa aliye mzima?"

"Ugonjwa ukiingia zizini, aliye mzima unampeleka kwa rafiki, mbali. Ndivyo baba alivyofanya, na babu. Ukiwaweka wote pamoja utawazika wote pamoja."

"Lakini majeraha hayaambukizi."

"Umeyauliza?"

Domitila hakuwa ameyauliza. Akafungua ukurasa wa kuazimana wachezaji, akasoma kwa sauti swali la mwisho: je, mchezaji aruhusiwe kucheza dhidi ya timu inayommiliki? Hapo kila kocha mwenye akili anajibu hapana. Bujiku aliona ni swali la watu wasiolelewa vizuri. "Nimkabidhi mtu ng'ombe nimkataze kukamua? Maziwa ni ya mtunzaji. Ng'ombe ndiye wangu. Weka ndiyo."

"Wabeja, baba," Scola akashukuru, na haraka sana akampanga Ndalahwa kwenye kikosi.

Jamani, furu wa Nassa, wale samaki wadogo wa ziwani, walinona. Ndalahwa alifunga kila wiki, kwa kichwa, kwa goti, mara moja kwa mgongo. Kasi ikafika themanini na tisa. Mayala wa Mabula, aliyezoea majani mabichi, alizomewa mara mbili na mashabiki wa kompyuta, kasi ikaanza kushuka. Mabula hakulitaja tena jina lake. Badala yake aliiandama akili ya Bujiku: amepata lulu akaigawa, gete, kweli kabisa, jicho limelala na kichwa kimelifuata. Watu wakatikisa vichwa. Bujiku nyumbani alikosa hamu ya ugali siku mbili, maana alijiuliza swali lilelile. Halafu wale majeruhi watano wakapona wote kwa mpigo, Ipililo wakashinda mechi sita mfululizo, na yeye akarudia ugali.

Mechi ya mwisho ilikutanisha Ipililo Maksai na Nassa Furu. Sare ingempa Bujiku kombe. Ushindi ungempa Scola. Watu walisimama mpaka barazani. Mama mmoja aliyefika kutoa kopi ya cheti cha kuzaliwa cha mjukuu aliambiwa angoje kidogo, na dakika ya thelathini yeye ndiye aliyekuwa akimtukana refa.

Dakika ya themanini na saba bado ilikuwa moja kwa moja. Bujiku alikuwa amelishika kombe tayari, kombe la plastiki la kunywea chai lililopakwa rangi ya dhahabu. Domitila akapandisha sauti.

"Ndalahwa anauchukua kwenye nusu yao. Anampita mmoja. Anampita wa pili, anampita wa tatu, yuko peke yake na kipa, anampita kipa. Ndalahwa."

Ilikuwa mbili kwa moja. Kombe lilikuwa limekwenda Nassa, na katika duka lile lililopigwa butwaa mtu mmoja tu alikuwa akiruka. Bujiku alikuwa juu ya stuli ya Mabula, kombe kichwani kama kofia, anacheza mabega ya ngoma ya jembe aliyoiacha akiwa kijana.

"Umefungwa, mzee," Mabula alimwambia taratibu, kama anayeongea na mgonjwa. "Aliyefunga ni wa Scola."

"Mmemwona alivyompita wa tatu?" Bujiku alikuwa anahema, machozi yanamtoka na hayafuti. "Mmeona? Ng'ombe wangu huyo."

Ilichukua muda kumshusha. Akamvika Scola kombe kwa mikono yake miwili. Zikabaki tuzo. Mfungaji bora, Ndalahwa. Mchezaji bora wa msimu, Ndalahwa, kura saba kati ya nane, na ile ya nane Mabula alimpa Mayala kwa sababu ya ukaidi tu. Cheti cha mchezaji bora kina mstari chini unaosema "Mwenye mchezaji", na hapo Domitila alisita. Karibu magoli yote yale aliyafunga akiwa na jezi ya Nassa.

"Andika Bujiku," Scola alisema. "Mimi nilikamua tu."

Mashine ikakitema cheti, kikapita kwenye ile ya kulamineti, kikatoka cha moto. Bujiku alikipuliza kama kiazi. Alikisoma mara tatu, akakiweka ndani ya shati, upande wa moyoni, akaaga.

Mabula alimfuata mpaka barazani. Alisimama akikagua funguo za pikipiki yake kwa makini ambayo funguo hazijawahi kuhitaji.

"Jumatano wanaleta mitamba sita," alisema hatimaye. "Wazuri kwa macho. Mimi sijui. Ungekuja ukawapitia."

Bujiku alikuwa amengoja maneno hayo miezi kumi na moja. Akakishika cheti kwa juu ya shati.

"Kiangazi," akauliza, "walikaa wapi?"

Mabula hakujua. Akatoa simu hapohapo, akampigia mwenye mitamba kumuuliza.