Nilivyookota kitambaa cha jeshi njia ya Kipsing, na sajini akakataa kunieleza kikoje

Wakuu, salaam aleikum. Na ndugu zangu Wakristo, habari zenu.

Mimi humu huwa nasoma tu, na kuwaombea dua wale mnaogombana. Leo nimeona niandike. Sitaongeza chumvi, maana kwa umri wangu hesabu ya kutoa mbele ya Mola iko karibu, sitaki kuiongezea mstari.

Ilikuwa Jumanne asubuhi, mwezi uliopita. Natoka kuangalia mbuzi wangu upande wa njia ya Kipsing, hapa Isiolo. Malori ya jeshi yakapita, mengi, yanaenda mazoezini. Nyuma yao yakafuata matipa ya kontrakta wa barabara. Vumbi lilipotulia nikaona kitu katikati ya njia.

Kitambaa kikubwa kama shuka, kizito. Upande mmoja rangi ya chungwa inayowaka hadi macho yanauma. Upande wa pili waridi, nao unawaka vilevile. Kwenye kona kuna kamba.

Nikakikunja nikaenda nacho nyumbani.

Mke wangu, Hadha Guyo, yaani mama wa Guyo (nami ni Abba, baba wa Guyo), anauza maziwa ya ngamia sokoni. Alipokiona alishukuru Mungu kwa sauti.

"Abba Guyo, hii ni kifuniko ya mitungi! Maziwa haitapata jua tena."

Nikamwambia hapana, hii ni luqata.

Kwa wasiojua: luqata ni mali iliyookotwa. Dini yetu imetufundisha uijue vizuri, mfuko wake na kamba yake, kisha uitangaze mwaka mzima. Na ukitangaza husemi yote. Anayedai ni yake ndiye anayeeleza. Akieleza sawasawa, unampa.

"Mwaka mzima?" akauliza. "Na kuitumia kidogo?"

"Hata kidogo."

Nikaitia kwenye gunia. Mnaweza kusema ilikuwa wazi ni ya jeshi. Mimi sikuwa na uhakika. Watu wa barabara nao kila kitu chao ni rangi ya chungwa, hadi kofia.

Nikatangaza baada ya adhuhuri, nje ya msikiti, maana ndani haifai. Nikasema, "Kuna kitu kimepatikana njiani. Aliyepoteza aje anieleze."

Wakuu, sikujua mji huu umepoteza vitu vingi hivyo.

Wa kwanza alieleza simu. Wa pili alieleza beberu, na machozi juu. Mzee mwenzangu mmoja alinivuta kando, akaeleza kwa kunong'ona meno yake ya bandia, ya chini. Nikawaombea wote. Siku ya pili akaja msimamizi wa kontrakta, amejaa uhakika.

"Mzee, ni yetu. Ni turubai, rangi ya orange."

"Na upande wa pili?"

"Orange pia."

Nikamwambia Mungu amrahisishie kuipata turubai yake.

Alhamisi asubuhi nikasikia wanajeshi wanatembea kwa miguu njia ile, wanachungulia kila kichaka. Hapo nikaelewa. Nikabeba gunia langu hadi getini kwao.

Getini kulikuwa na sajini mmoja, mtu wa adabu lakini uso umekaza. Pembeni kuna Mama Kendi, Mmeru anayeuza chai na mandazi pale miaka mingi. Nikaketi kwenye benchi lake, gunia nikalikalia.

Nikasema, "Afande, nimeokota kitu. Nadhani ni chenu. Nielezee tu kikoje, nikupe."

Sajini akaangalia gunia, ncha ya chungwa inachungulia. "Ni hiyo. Lete."

"Nielezee kwanza."

"Mzee, hicho ni kifaa cha jeshi. Siruhusiwi kueleza raia."

"Nami siruhusiwi kukupa bila maelezo."

Akanyoosha mkono. Sikusogea. Nikamwambia kwa upole, "Ukichukua kwa nguvu sitapigana na wewe, mwanangu. Lakini hiyo itakuwa kesi yako na Mungu, si yangu."

Mkono ukarudi taratibu.

Tukakaa hivyo. Jua likapanda. Nikaagiza chai. Yeye akasimama, mimi nikakunywa. Nikamtolea hata mandazi, akakataa kwa heshima.

Ndipo akatoka koplo mmoja mbio, anatoka jasho. Huyu ndiye dereva wa lori lililopoteza kitambaa.

"Mzee, nakuomba. Harusi yangu ni Jumamosi, kwetu Mwingi. Nimeambiwa kabla ya saa sita hiki kitambaa kisipokuwa kimerudi stoo, likizo hakuna. Mchungaji yuko tayari. Ng'ombe iko tayari. Bibi harusi yuko tayari!"

Moyo wangu ukaniuma. Saa tano ilikuwa imeshapita.

"Basi kieleze, mwanangu."

"Koplo, nyamaza!" sajini akasema.

Mama Kendi akashindwa kuvumilia. Akaweka birika chini.

"Aiii, nyinyi! Si ni hiyo kitambaa ya orange, na pink huku ingine? Si mnaweka juu ya lori ndio ndege yenu ijue huyu ni wetu, isimpige? Isiolo mzima tunajua. Hata mbuzi inajua."

Sajini akaangalia mawingu.

Nikasema, "Maelezo ni sahihi kabisa. Kwa sheria, kitambaa ni cha Mama Kendi."

"Nachukua," akasema Mama Kendi. "Kibanda yangu inavuja."

Koplo alishika kichwa kwa mikono miwili. Nikajuta kwa ule utani, maana kijana alikuwa anakaribia kulia.

Nikafikiri. Rangi ni siri, sawa. Nikamwita, "Mwanangu, niambie habari ya kamba tu."

Akaangalia mkubwa wake. "Afande, kamba ya kiatu si siri ya serikali." Kisha akanigeukia. "Mzee, kona moja kamba ilikatika. Nikafunga na kamba ya buti yangu, nyeusi. Pengine ndiyo ilifunguka."

Nikafungua gunia, nikahesabu kona. Kamba, kamba, kamba. Kona ya nne, tupu.

Hakuna kamba ya buti.

Sikukumbuka kuiona wala kutoiona. Kumbe mimi niliyedai kujua mfuko na kamba, sikuwa nimehesabu. Nilitoa simu, nikampigia Hadha Guyo. Kwa kuwa sisikii vizuri, huwa naweka loudspeaker.

"Mama, katika kile kitambaa, uliona kamba nyeusi?"

Nikasikia mbuzi tu wakilia.

"Hadha Guyo?"

"Abba Guyo, wewe ulisema nisitumie kitambaa. Kamba hukutaja. Nimefunga nayo mlango ya mbuzi."

Sajini alicheka hadi akashika geti. Koplo hakucheka, alikuwa ameshanyakua kitambaa na kukimbia. Akapaza sauti akiwa mbali: "Mwambie mama abaki na kamba! Nimempa!"

Zilikuwa zimebaki dakika kama kumi.

Sajini alipopata pumzi akaniambia, "Mzee, hiki kitambaa hukukiona." Mama Kendi akasema yeye pia hakukiona, na akataja tena rangi zote mbili, ili tujue ni kitu gani hakukiona.

Jumamosi jioni nikapigiwa simu, maana namba yangu nilikuwa nimemwachia sajini. Nyuma vigelegele, muziki, watu wanapiga kelele. Koplo anasema, "Mzee, nimeoa!" Nikamwombea dua palepale, na bibi harusi akaitikia amina ya kwao.

Nilichojifunza: amana si kuikalia tu kwenye gunia. Mimi nilikuwa mkali kwa jeshi zima, na nyumbani kwangu sikuhesabu kona nne.

Sasa wakuu, na hasa mlio na elimu ya dini kunizidi, nisahihisheni. Nilikosea kumsimamisha afande juani saa nzima? Hadha Guyo ameshatoa hukumu yake, anasema nilikosea, na kwamba kama ningemtuma yeye angerudi na kitambaa kingine cha mitungi yake.