Woga wa Kuwabara Sumie

Mimi ni fundi wa vioo. Kwa miaka thelathini niliitengenezea chupa na mirija maabara ya kemia ya chuo kimoja hapa Sendai, na humo ndimo nilimojuana na Kuwabara Sumie, mwanafunzi, binti wa mtia rangi vitambaa wa mji wa Yonezawa.

Mwaka wake wa pili wa masomo, chupa ilimlipukia mkononi Onuki, mwenzake wa meza ya jirani. Vidole viwili vikakatika. Sumie ndiye aliyepiga magoti kuvitafuta. Tangu siku hiyo akawa mwoga, wala hakuficha. Alikuja karakanani kwangu kutaka chupa nene kuliko za wenzake.

"Fundi, hii itastahimili?"

"Itastahimili, dada."

"Niapie."

Nikaapa. Nani awezaye kuapia kioo?

Profesa Tachi, mkuu wao, alikuwa akimcheka mbele za watu. "Mkemia anaogopa moto! Si ungebaki kwenu utie vitambaa rangi?"

Asubuhi moja ya Februari, theluji ikianguka, mchanganyiko wa Sumie ulianza kubadilika. Umanjano ukaingia wekundu, chupa ikalia kwa sauti nyembamba kama birika. Alizima umeme, akatutoa sote, akafunga mlango na kuuegemea. Meno yalikuwa yakimgongana.

"Kaimwage," Profesa akamwamuru.

"Siendi."

"Basi naingia mwenyewe. Nipishe!"

"Mwalimu, labda unikanyage."

Hakuna mwanafunzi aliyewahi kumjibu vile. Profesa akamtazama, akautazama mlango, na hapo nikaona kwamba yeye pia anaogopa. Akageuka, akaenda zake.

Siku nne chumba kilikaa bila joto. Sikula nikashiba, kwa kuwa kioo kile nilikipuliza mimi. Siku ya tano Sumie akaingia peke yake, amevaa aproni ya ngozi, akisukuma ubao mnene mbele yake kama ngao. Tukabaki kwenye ujia. Kuna mtu kando yangu aliyeanza kusali.

"Fundi! Njoo uone! Ila tembea polepole, nakuomba."

Kwenye kitako cha chupa zililala fuwele nyekundu, ndefu kama sindano. Kwa miaka mitatu Profesa na wanafunzi wake walikuwa wakiisaka dawa ya fuwele hizo, na kila mara waliiharibu kwa haraka ya kuipasha moto. Safari hii iliachwa ipoe taratibu kwa sababu hakuna aliyethubutu kuigusa.

Fuwele zile zikawa kazi yake ya maisha. Baada ya miaka ishirini na sita, chama cha wanakemia kikamvika medali. Mwandishi wa gazeti akamuuliza habari za ujasiri wake.

"Ujasiri gani? Niliogopa. Andika hivyo hivyo."

Alikuwa akitetemeka hata pale. Alisema jukwaa lilikuwa juu mno.

Maabara aliyokabidhiwa aliiongoza miaka kumi na tisa, na hakuna aliyeumia. Lakini kila asubuhi, kabla ya kuingia, alisimama mlangoni akavuta pumzi kwanza. Wanafunzi wake walizoea kupanga foleni nyuma yake, wakisubiri, bila kumharakisha.