Niliyoyakuta Bigwa baada ya search ya kiwanja kutoka safi

Wakuu, hamjambo humu ndani? Salamu kwa wakongwe wa jukwaa, na kwa nyie mliojiunga juzi mkaanza na matusi.

Haya ninayoandika yamenipata mwenyewe na sijatia chumvi. Majina tu ndiyo nimebadilisha, maana Morogoro ni mji mdogo, ukipiga chafya Msamvu mtu wa Bigwa anakupa pole.

Uzi ni mrefu. Mwenye haraka aende jukwaa la mapenzi.

Nianze na baba yangu, kwa sababu yote yalianzia kwake.

Baba ni mstaafu. Ujana wake wote kaumalizia kiwandani hapa mjini, na sisi tumekulia kwenye kota za kiwanda. Kiwanda kilipobadilisha mmiliki tukatolewa kwenye kota. Tangu siku hiyo mzee ni mtu wa kupanga, leo huku, kesho kule. Sasa hivi anaishi kwangu, na mimi mwenyewe nimepanga.

Mafao yake yalichelewa mpaka tukakata tamaa. Yalipotoka akaniita, akaniambia, "Mwanangu, nitafutie sehemu yangu. Sitaki kufia kwenye nyumba ya mtu."

Basi jamani, muwe mnalikumbuka hilo neno mnaposoma. Ile hela ikiliwa, hakuna nyingine nyuma yake. Nilikuwa silali vizuri kwa kuogopa kupigwa.

Nikapata dalali, tumwite Side. Akanipeleka Bigwa, pale ambapo mlima unaanza kupanda. Kiwanja kikubwa, kina migomba na magimbi, kijito kinapita pembeni, ukigeuka unaona mji wote chini. Kwa upande wa chini kuna kibanda cha bati.

"Na hapo anaishi nani?" nikauliza.

"Mpangaji tu huyo, madam. Atatoka."

Muuzaji ni Mzee Agustino. Mluguru, mpole, Mkatoliki wa rozari mfukoni, anaongea taratibu mpaka unatamani umsaidie kumalizia sentensi. Hati anayo, ilitoka wakati mtaa wao ulipopimwa kwenye urasimishaji.

Sasa mimi sio mtu wa kuingizwa mjini kirahisi. Nilijisemea, hapa tunakwenda kwa utaratibu.

Nikaenda ofisi ya ardhi kufanya search, yaani kuhakiki kwenye daftari lao mmiliki ni nani na kama kiwanja kina deni au kesi. Ukijaza fomu unapewa control number, unalipia kwa simu, halafu unasubiri. Kumbe kusubiri ndiyo kazi yenyewe. Mara mtandao uko chini, mara mhusika yuko site, mara njoo kesho. Na huku Side anapiga simu kila nikikaa: "Madam, kuna mteja wa Dar anakitaka, analipa cash, mimi nakushikia kwa sababu ya yule mzee wako."

Uongo wa madalali wote tunaujua. Lakini ukiwa na hela ya baba yako mkononi, hata uongo unaoujua bado unakutetemesha.

Majibu yakatoka. Jina la mmiliki ni lile lile la Mzee Agustino. Hakuna mkopo wa benki, hakuna kesi, hakuna zuio, kodi ya ardhi imelipwa. Nilipiga kigelegele kwenye korido mpaka mlinzi akanikata jicho.

Sikuishia hapo. Nikamwambia wakili, "Nataka mke wake asaini ridhaa, na watoto wake wakubwa wote wasaini kuwa hawana pingamizi."

Hapa nieleze kidogo. Mimi asili yangu ni Tukuyu. Kwetu shamba ni la baba, na baba akifunga macho wanaobaki kupigania ni watoto wake wa kiume. Kwa hiyo nikajua hatari yote iko kwa wale vijana.

Wakaja watatu, wamependeza, wakasaini mmoja baada ya mwingine bila hata kusoma. Mmoja akaniambia, "Hongera sana dada, karibu Bigwa." Mama yao naye akasaini, akaniuliza kama nitafuga kuku.

Nikawaza, hii familia ina upendo gani huu! Kwetu hapo yangeshatoka mapanga.

Wakuu, ningetakiwa nishtuke palepale. Mtu hasaini kuachia kitu chake kwa raha namna ile.

Tukapanga Ijumaa asubuhi tukutane kwa wakili, hela iingie na mkataba usainiwe. Alhamisi mchana nikampeleka baba akaone.

Mzee alifurahi, acha kabisa. Alizunguka na fimbo yake akipanga. Hapa mlango. Hapa choo. Hapa nitaweka kiti jioni. Mimi nilikuwa namtazama huku nalengwalengwa na machozi.

Kwenye magimbi kulikuwa na mama mtu mzima analima. Ndiyo yule "mpangaji". Nikamwamkia, "Shikamoo mama."

"Marahaba. Mmepotea njia?"

Baba akacheka, "Hapana dada yangu, tumekuja kuona kwetu. Kesho tunanunua."

Yule mama aliacha kulima. "Mnanunua nini?"

"Hiki kiwanja," nikasema. "Kwa Mzee Agustino."

"Agustino kaka yangu?"

"Ndiye," nikasema. "Kwani wewe si mpangaji wake?"

Akaniuliza ni akina nani wamesaini. Nikamjibu kwa kujiamini kwamba mke na watoto wote wa mwenye kiwanja wamesaini. Akashika kichwa.

"Watoto wa Agustino? Wale wa ukoo wa mama yao! Wana chao kule kwa mama yao. Hapa ni kwa mama yetu sisi. Mimi na watoto wangu ndio wa hapa. Wale wangekataaje kitu ambacho sio chao?"

Kwa wasiojua, na mimi nilikuwa mmojawapo: Waluguru ardhi yao inakwenda kwa ukoo wa mama. Mtoto ni wa ukoo wa mama yake. Mwanaume anashika ardhi ya ukoo wake, lakini wanaofuata nyuma yake ni watoto wa dada yake, sio wa kwake wa kuzaa. Mimi nimezaliwa Moro, nimesoma na Waluguru, nimekula pilau kwenye misiba yao, na sikuwahi kuuliza.

Sasa hasira zangu mnazijua. Badala ya kumhurumia nikampandishia. "Mama, mimi nimefanya search. Hati ina jina la Agustino peke yake. Wewe haumo!"

Akaliweka jembe chini. "Siku ya kupima walitaka jina moja. Tukasema aandikwe kaka, ndiye mjomba wa watoto, ndiye mtunzaji. Mjomba unamwandikia hati ya kumzuia?" Halafu akakaa chini kwenye udongo, akaanza kulia kama mtu aliyepewa habari ya msiba. Jina lake tumwite Mama Felista.

Nikampigia wakili palepale. Akanijibu bila kusitasita, "Wewe ni mnunuzi halali. Jina ni lake, mke karidhia, hakuna zuio. Ukisaini kesho, huyo mama atahangaika yeye na mahakama."

Hapo, wakuu, sitawadanganya. Moyo wangu ulisema saini. Nilikuwa nimeshaona kiti cha baba pale juu. Nikamgeukia mzee nikamwambia, "Baba, wakili anasema karatasi ziko sawa."

Baba alikuwa anamwangalia yule mama.

Akasema, "Hata barua iliyotutoa kota ilikuwa sawa. Ilikuwa na mhuri na sahihi, nikaipeleka kwa mtu anisomee, akaniambia mzee hapa hawajakosea kitu. Mama yako alikuwa anafunga vyombo." Akaichukua fimbo yake. "Twende nyumbani. Mimi hapa siwezi kukaa."

Nililia barabarani bila aibu, mimi mbele, mzee nyuma yangu.

Lakini tulivyofika kwenye lami nikakumbuka yule mteja wa Dar. Mimi nikijitoa, Side atampigia saa hiyo hiyo. Na kama mteja yupo kweli, yeye hatapanda mlimani kuongea na mtu kwenye magimbi. Atafanya search, itatoka safi, atasaini.

Nikarudi kwa Mama Felista nikamwambia, "Mama, kesho asubuhi uvae uende na mimi mjini."

Ijumaa tukawa wa kwanza mlangoni pa ofisi ya ardhi, yeye na binti yake mkubwa na mimi. Yale madirisha nilikuwa nayajua yote kwa jina. Wakili niliyemlipa kwa ajili ya kununua alikataa kutusaidia, nikatafuta mwingine wa mtaa wa nyuma akaandika kiapo: kwamba ni ardhi ya ukoo, kwamba anaishi pale, kwamba kaka aliandikwa kama mtunzaji. Tukarudi nacho ofisini kuomba kuweka zuio, kiwanja kisiuzwe.

Mtandao chini.

Simu ya Side inaita. Sipokei. Inaita tena. Ikaja meseji: "Madam hauji? Mteja wa Dar ameshafika na mzee yuko naye. Wanakwenda ofisi ya ardhi kufanya search ya haraka."

Kumbe mteja wa Dar alikuwepo kweli, jamani! Mara ya kwanza dalali anasema ukweli, na ni siku ambayo sikuutaka.

Mama Felista alikuwa ameshika rozari, midomo inacheza. Mimi nilisimama dirishani nikamwambia yule dada wa ndani, "Mdogo wangu, sitoki hapa. Kama mtandao haurudi, pokea kwa mkono, gonga mhuri wa kupokelewa, utaingiza ukirudi." Watu wa nyuma wakaanza kuguna. Wagune. Mwishowe akapokea, akagonga mhuri, na kabla hatujaondoka dirishani mtandao ukarudi akaingiza.

Tunageuka, Mzee Agustino huyu hapa kwenye korido. Side pembeni yake, na bwana mmoja wa miwani.

Side akaona mhuri, akaanza kunitukana matusi ambayo mods watafuta. Bwana wa miwani alisoma ile karatasi, akaaga kwa heshima, akaenda kwenye gari lake.

Mzee Agustino alivua kofia. Hakuniangalia mimi hata kidogo. Akamwambia dada yake, pole pole kama kawaida yake, "Na mimi nina watoto, dada yangu. Nikifa, wale vijana nitakuwa nimewaachia nini?"

Mama Felista akamjibu huku analia, "Ungeniambia. Kaka, ungeniambia tu."

Wakakaa kwenye lile benchi la wageni, kila mmoja anafuta macho. Nilikuja nimejaa hasira za kummaliza yule mzee, nikakosa pa kuanzia. Baba yeyote anataka kuwaachia wanawe kitu. Hata wangu alikuwa anatafuta sehemu yake.

Nimesikia ukoo ulikaa, kiwanja hakiuzwi, na hati wanafuatilia iongezwe majina. Kuna siku Mama Felista alileta magimbi mpaka mlangoni kwangu, akakaa na baba wakaongea mpaka chai ikapoa.

Nilichojifunza: fanyeni search, tena msiiruke, ndiyo iliyonifundisha pa kuwekea zuio. Lakini mkimaliza, pandeni mkaongee na anayelima pale, na muulize kwa watu wa hapo ardhi inamfuata nani. Mimi niliwasainisha watu wasiohusika nikajiona mjanja.

Wenye uzoefu wa ardhi za ukoo, Uluguru au kwingine, mwageni maujuzi hapa. Na wanasheria mniambie kama zuio lile lina nguvu ya kudumu. Wenye kuniita mjinga pia karibuni, foleni ni ndefu.

Nitawajibu jioni. Sasa hivi tunakwenda Kingolwira kuona kiwanja kingine, na mzee ameshavaa viatu yuko mlangoni ananihimiza. Jana alipoongea na muuzaji kwenye simu, habari ya hati hakuigusa. Alimuuliza kama ana dada, na akamwomba leo aje naye.