Kompyuta Zilizovikwa Vitambaa

Siku yangu ya kwanza chuoni, Mkuu wa Chuo alinipeleka mwenyewe kwenye chumba cha kompyuta. Alifungua kufuli mbili, akaniambia nivue viatu. Ndani zilipangwa kompyuta mpya safu kwa safu, kila moja imefunikwa kitambaa cheupe cha kufuma, kama redio ya sebuleni kwa bibi.

"Mwalimu, vumbi la Kigoma unalijua," alisema. "Hizi ni za mtihani na za wageni. Wewe fundisha ubaoni."

Nilicheka nikidhani ananitania. Mlangoni palibandikwa onyo: ATAKAYEHARIBU KOMPYUTA ATAFUKUZWA CHUO.

Nilikuwa nimeajiriwa kufundisha utangulizi wa programu kwa wanafunzi wa uhandisi na sayansi. Programu ni maagizo unayoiandikia kompyuta, moja baada ya jingine, nayo huyafuata hivyo hivyo bila kukisia ulichokusudia. Nilifundisha kigeu, yaani jina la mahali pa kutunzia namba. Nikafundisha kitanzi, maagizo yanayorudiwa mpaka sharti fulani litimie. Yote kwa chaki. Vijana waliandika programu kwenye karatasi, na karatasi haikatai kitu. Anayejifunza kazi hii lazima akosee, kompyuta imwambie amekosea, arekebishe, akosee tena. Hata mabingwa ndivyo wanavyofanya. Nililisema hilo kila kikao, mpaka wenzangu wakawa wanatazama saa nikisimama.

"Wakizizoea watazichokonoa," Mkuu alinijibu, kisha akaagiza vitambaa vifuliwe.

Mwanafunzi wangu bora aliitwa Bukuru, binti wa kijiji cha Ilagala. Alitaka uhandisi wa maji, na mtihani wa vitendo ndio ungemfungulia mlango wa chuo kikuu.

"Mwalimu, kwetu mto tunao, ziwa tunalo, bomba ndo hatuna," aliniambia. "Mi nataka kulileta."

Nilimwamini. Hakuna aliyeandika programu safi kama yeye.

Siku ya mtihani vitambaa viliondolewa. Swali lilikuwa kukokotoa ujazo wa tangi la maji. Msimamizi kutoka nje ya chuo alikaa mbele, Mkuu akasimama mlangoni, mimi nyuma. Bukuru aliandika haraka, akaiamuru kompyuta itekeleze. Maandishi mekundu yakajaa kwenye kioo. Hakuwahi kuyaona maishani mwake. Aliondoa mikono kwenye vitufe kama aliyegusa sufuria ya moto.

"Mwalimu, nimeiharibu," alisema.

"Kaa, Bukuru. Haijahari..."

"Mwalimu!" Mkuu alifoka. "Huu ni mtihani! Hakuna kuzungumza na mtahiniwa!"

Msimamizi aliinamia karatasi zake. Bukuru alilitazama lile onyo, akamtazama Mkuu, akachukua mkoba wake akatoka kabla hajafukuzwa. Nilipofika getini alikuwa ameshapanda gari. Nilituma salamu Ilagala, hazikujibiwa. Nilimwombea arudie mtihani, wakasema aliondoka kwa hiari yake.

"Unaona sasa?" Mkuu aliniambia wiki ile. "Ndiyo maana nilizifunika."

Nilimchukia siku hiyo, na sijaacha. Yeye alipandishwa cheo. Mimi niliendelea na chaki mpaka nikastaafu, na kwenye sherehe ya kuniaga walinizawadia moja ya kompyuta zile, imevikwa kitambaa chake, imeshapitwa na wakati bila kufanya kazi. Watu walipiga makofi. Iko kwangu Buzebazeba, na sijawahi kuifunua. Vijana huniuliza kazi yangu ilikuwaje, nami nawajibu kwamba nilifundisha watu kuogelea mchangani.

Mwezi uliopita nilikwenda Mwandiga kununua mawese. Mwanamke aliyekuwa akiyapima aliinua uso.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Bukuru! Hujambo, mwanangu?"

"Sijambo." Alinijazia chupa, kisha akasogea karibu, akauliza kwa sauti ya chini, "Mwalimu, ile kompyuta waliweza kuitengeneza?"

Miaka yote hiyo! Nilimweleza kuwa haikuharibika hata kidogo. Aliitaka izidishe kimo cha tangi kabla hajaiambia kimo ni kiasi gani. Ni mstari mmoja tu, angeupandisha juu, basi.

"Mmoja?"

"Mmoja, mwanangu."

Alifuta mdomo wa chupa yangu kwa kanga, taratibu, akaifunga kifuniko.

"Ego," alisema kwa Kiha, yaani ndiyo. "Kumbe ningekaa tu."