Pipa Lisilohesabu Watu

Tulipokuwa wadogo pale Dunga kando ya ziwa, miaka ya themanini, maji ya moto hayakutoka ukutani. Yalitoka kwenye pipa jeusi lililokalia matofali nyuma ya jikoni, na bingwa wa pipa hilo alikuwa Mama. Nani wa rika letu amesahau ile harufu ya moshi ndani ya maji ya kuoga? Uliingia bafu la mabati na karai moja, ukatoka unanukia kuni na sabuni ya kipande. Siku hizi bomba likikohoa kidogo tu, wadogo zetu wanaahirisha kuoga hadi kesho.

Kwetu mgeni hakuulizwa habari kabla hajaoga. Awe shangazi kutoka Maseno au muuza omena, wale dagaa wa ziwani, aliyenyeshewa njiani, Mama alimimina maji baridi kwanza, akaongeza ya moto, akachovya kiwiko, kisha akatutuma na karai bafuni. "Mtu mwenye vumbi atakupa habari zenye vumbi," alisema. Sikuwahi kuona kiwiko kile kikikosea, wala pipa likikauka. Mimi niliyehesabu ngazi kabla ya kuzipanda nilikosa raha: alijuaje wangapi watakuja?

"Baba," aliniambia, maana ndivyo alivyoniita mimi mwanawe, "mimi sihesabu. Najaza."

Nilipomaliza chuo na kupata kazi, mgongo wake ulikuwa umechoka kuinamia kuni. Stima, yaani umeme, ilikuwa imefika nyumbani, nikaamua kumnunulia tangi la kupasha maji. Nilizunguka duka moja la mjini siku tatu. Dogo au kubwa? Likivuja je? Stima ikimrusha je? Usiku niliota nimenunua lenye kutu.

"Bwana, leo siku ya tatu," muuzaji alisema. "Unanunua tangi ama unaoa? Niambie tu, nyumbani mko wangapi?"

Nikahesabu kimoyomoyo. Sisi watoto sote tulikuwa tumetawanyika. "Mmoja," nilisema polepole. "Mama."

"Basi hili dogo linatosha."

Lilikuwa dogo kweli, kama mtungi wa chai ya harusi. Nikamwona Mama akilini mwangu amemaliza kuoga, maji yameisha, na mgeni amesimama mlangoni na vumbi lake. Hofu zangu zote zikawa hiyo moja.

"Mmoja, na watakaokuja," nikasema.

"Watakaokuja ni wangapi?"

"Hatuhesabu."

Akacheka, akaliteremsha kubwa.

Fundi alipomaliza kulifunga, Mama alichovya kiwiko kwenye maji, akanitazama. "Baba, haya yote ni ya nani?" Kabla sijajibu alikuwa ameshajaza karai na kumwita jirani aliyekuwa akipita na beseni la samaki kichwani: "Mama, tua mzigo! Oga kwanza!"

Maji ya siku hizi hayanukii moshi, na ninautamani. Nikiwatembelea marafiki mjini, naulizwa habari mlangoni, nami hujibu nikiwa na vumbi langu. Kwa Mama bado hakuna anayeniuliza neno. Naonyeshwa bafu.