Basi la Mtoni Nililomwachia Dada

Mimi ni mtu wa ndani. Wenzangu waliokuja huku Guangzhou, Uchina, wameuzunguka mji wote. Mimi kwa miaka minne nimezijua njia mbili tu, ya kutoka chumbani kwangu mtaa wa Dengfeng kwenda soko la Zhanxi kununua viatu vya kuuza nyumbani, na ya kurudi. Nikiulizwa mji ukoje nasema mzuri, kama mtu aliyesimuliwa na jirani.

Dada yangu alikuja kutoka Dar es Salaam kununua mapazia. Ananizidi miaka kumi na miwili. Ndiye aliyekuwa akinishika mkono kunipeleka shule, mpaka nilipokuwa mkubwa wa kuchekwa. Alipoona chumba changu alitikisa kichwa.

"Kobe wewe. Umevuka dunia nzima uje ujifungie tena?"

Alitaka kitu kimoja tu. Akimaliza kununua, tupande basi la kawaida, mimi na yeye, mpaka mtoni. "Teksi nazijua," alisema. "Nataka nipite wanakoishi watu."

Nikamwahidi. Kesho yake nikaahirisha, na keshokutwa vilevile. Siku yake ya mwisho mvua ilinyesha asubuhi, nikamwambia nina mafua. Sikuwa na mafua. Nilikuwa na godoro.

"Haya, mgonjwa wangu, lala. Nipe tu kitu cha kunirudisha."

Sisi wafanyabiashara wageni, Kichina hatukisomi. Safari zetu tunazibeba kwenye kadi za maduka: unamwonyesha mtu kadi, anakuelekeza. Ninazo kopo zima. Nikachomoa ya wakala wangu wa mizigo, mwenye ofisi chini ya jengo letu, nikamnyooshea dada bila hata kuinuka. Sasa wakala huyo ana kadi za aina mbili, rangi moja: ya ofisi, na ya ghala lake kule bandari ya Huangpu. Zinatofautiana mstari mmoja wa maandishi, ambao kwangu mimi ni mapambo.

Kwenda hakupata shida, maana basi linaishia mtoni. Simu yake haikuwa na laini ya huku, kwa hiyo nililala kwa amani kabisa. Saa kumi jioni akanipigia karani wa ghala. "Laoban," akaniita, yaani bosi, kama wanavyotuita wote hata tusio na kitu, "mama yako yuko hapa." Kisha nikasikia sauti ya dada.

"Mdogo wangu, mbona kwako kumejaa makontena?"

Nilikodi teksi kumfuata. Ndivyo nilivyoiona Huangpu mara ya kwanza, mahali viatu vyangu vinapopita kila mwezi. Nilimkuta ameketi juu ya furushi, anakunywa maji ya moto waliyompa. Nilijiandaa kufokewa. Njiani akawa ananisimulia tu: abiria walivyoisoma kadi na kubishana, msichana mmoja wa shule alivyoshuka naye kumbadilishia basi, wazee wanavyopanda na mboga zao.

"Nilikuwekea kiti," akasema.

"Kiti gani?"

"Nimekaa dirishani, mkoba nimeuweka pembeni. Akija mtu nautoa, akishuka naurudisha. Nikasema huyu kobe huenda akatokea kituo kinachofuata."

Nilicheka, kwa kuwa alikuwa anacheka. Asubuhi yake akaondoka.

Mwaka uliofuata magoti yakamkatalia. Siku hizi hata ngazi za nyumbani kwake anapanda kwa kupumzika, na safari ndefu daktari amemzuia. Mapazia yake namnunulia mimi, yeye anachagua kwa simu na kunilaumu kwa rangi.

Mwezi uliopita, baada ya swala ya adhuhuri, nilipanda lile basi la mtoni. Nilikaa dirishani nikampigia kwa video ili aone mji.

"Toa kidole, naona kucha," akasema. Nikatoa. Tukapita majumba yaliyoanikwa nguo, soko la samaki, daraja.

"Pembeni yako kakaa nani?" dada akauliza.

Nikageuza simu nikamwonyesha mkoba wangu juu ya kiti. Tukafika kituo kilichofuata, mlango ukafunguka.

"Utoe," akasema. "Watu wamesimama."